Bakuli la Stili Lililobaki Pande

Miaka yote ya utoto wangu bakuli moja la stili lenye mfuniko wa vibanio lilikuwa likisafiri kati ya nyumba yetu na nyumba ya jirani kule Tegeta, na sikumbuki hata siku moja kuliona likivuka uzio likiwa tupu. Likija kwetu lilikuja na biriani, au mchuzi wa dengu, au chevda, ule mchanganyiko mkavu wa viazi na karanga. Likirudi kwao lilirudi na machalari, ndizi zetu za Kichagga zilizopikwa na nyama, au parachichi zilizoiva, au mambo yakiwa magumu kabisa, ndimu za mti wa uani. Mama yangu ni mtu wa Machame. Mama wa jirani alikuwa Mhindi wa Khoja, mzaliwa wa Tanga, na katika mambo mengi hawakuelewana: sauti ya redio, paka, kiasi cha pilipili kinachomfaa binadamu. Kwenye suala la bakuli walikuwa dini moja. Mama alihakikisha nyama ya machalari imechinjwa na Mwislamu, na yule mama naye alitupunguzia pilipili, ingawa hakupunguza sana.

Jambo la pili ni kwamba bakuli halikurudishwa haraka. Ukilirudisha jioni ileile unaonekana unataka kuachana na watu. Linakaa kidogo kabatini, mwenyewe anajua liko kwako, na wewe unajua kwamba anajua, kisha siku ukipika kitu cha maana unalijaza na kumtuma mtoto. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi. Upande wa pili alilipokea binti yao, ambaye tulilingana umri na tulikaa dawati moja, na mpaka leo hakuna mtu nje ya ukoo wangu anayenijua kuliko yeye. Chini ya bakuli lilichongwa jina la ukoo wao kwa vidoti vidogo, kama Wahindi wanavyochonga vyombo vyao visije vikapotelea kwenye shughuli za watu. Jina lenyewe sitalitaja hapa.

Tulikua, kila mmoja akashika njia yake. Mimi nikawa mwalimu wa jiografia na nikajenga Madale, kwenye kilima kile ambacho mvua ikinyesha bajaji hazipandi na zikipanda hazishuki. Yeye akaolewa Toronto. Baba yake alipofariki, mama yake akamfuata huko, na nyumba ya Tegeta ikabaki na mlinzi na mbwa wa mlinzi. Mwaka juzi yule mama akafariki hukohuko, akazikwa kwenye ardhi ambayo rafiki yangu alisema ilibidi ichimbwe kwa mashine kwa sababu ya barafu. Nililia jikoni kwangu nikiwa nimeshika mwiko. Disemba iliyofuata rafiki yangu alikuja Dar kukabidhi nyumba kwa mnunuzi.

Ndipo alipoleta na ule mchezo wake. Kizungu unaitwa jiokashingi. Mimi nauita kusaka. Mtu anaficha kikasha mahali, anaandika namba za mahali hapo kwenye ramani ya simu, na watu wa dunia nzima wasio na shughuli wanakuja kukitafuta. Ukikipata unachukua kitu kidogo kilichomo, gololi au kifungo au mdoli, na unaacha kingine. Aliponieleza hivyo nilimkatiza.

"Kumbe ni bakuli letu."

"Ndo maana niliupenda," akasema. "Wazungu wanadhani wamegundua wao."

Nimefundisha latitudo na longitudo tangu nikiwa na kiuno. Nimechora mistari ile ubaoni mpaka bega likaniuma, na nimewaadhibu watoto wa watu kwa kuisahau, lakini sikuwahi hata siku moja kuitumia kwenda popote. Rafiki yangu, ambaye jiografia aliniibia majibu kwa miaka minne, alinishika mkono na kunionyesha kwenye simu yake namba za uani kwetu Tegeta. Sita na ushee kusini, thelathini na tisa na ushee mashariki. Nilizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Wakati wa kuhamisha vyombo alilikuta bakuli kwenye kabati la jikoni, nyuma ya sufuria. Kila kitu kingine alikigawa. Bakuli akalifuta kwa kanga, akasema hilo haliendi Kanada na wala haligawiwi, tutalificha Pande.

Pande ni msitu ulioko nyuma ya vilima vyetu vya Madale, hifadhi ya wanyama ambayo nusu ya watu wa Dar hawajui kama ipo. Unapita maduka ya matofali, makanisa ya mabati na viwanja vyenye mabango ya kuuzwa, halafu ghafla nyumba zinakoma na miti inaanza. Tulikwenda pamoja, tukaomba ruhusa getini. Askari wa wanyamapori aliyekuwa zamu, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, alilishika bakuli, akaligeuzageuza, akacheka.

"Sasa nyie mnacheza kombolela na watu msiowajua," akasema. "Haya, fichani. Ila chakula msiweke. Mkiweka chakula, ngedere watakuja na mashemeji zao."

Tuliahidi. Tulilificha kwenye uwazi chini ya gogo la mti wa mkongo ulioanguka, likiwa na gololi mbili, kifungo cha koti la baba yake, ndovu mdogo wa plastiki na penseli ya shule yangu. Rafiki yangu aliandika namba kwenye simu, na nukta ya kijani ikatokea kwenye ramani, juu ya eneo lililokuwa kijani tupu. Aliniambia kwamba sasa, nyumba ikishakabidhiwa, hiyo ndiyo itakuwa sehemu yake pekee iliyobaki Dar es Salaam.

"Na mwenye kikasha lazima awe anakuja kukikagua," akaongeza. "Sheria za mchezo. Kwa hiyo nitakuja tu, upende usipende."

Nilipenda. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia avute gauni lake lisishike miiba.

Asubuhi ya siku aliyoondoka alipita Pande peke yake, akasema anakwenda kuagana na msitu. Uwanja wa ndege aliniambia, "Wiki ijayo nenda kaangalie bakuli. Nenda peke yako." Nilipouliza kwa nini, alinibusu mashavu yote mawili na kuingia ndani na masanduku yake. Wiki hiyohiyo mama yangu, ambaye sasa anaishi kwangu, aliteleza bafuni akavunjika mkono. Kisha ikaja mvua, na barabara ya Madale ikawa kama inavyokuwaga. Shule ikafunguliwa. Bakuli likabaki msituni, nami nikabaki nyumbani namlisha mama uji.

Ujumbe ulifika baada ya masika, wa sauti, mrefu, na nyuma yake nikasikia maji yakitiririka kwenye sinki.

"Sikiliza wewe bibi. Kuna watu wawili wameenda kulitafuta bakuli hawakuliona. Wameandika halipo. Sasa wenye mchezo wameniandikia, wanasema kama hakuna mtu wa karibu wa kulikagua wataliondoa kwenye ramani. Nenda nakuomba. Kama halipo basi, nitalifuta mwenyewe." Maji yakafungwa. "Likifutwa sijui nitakuja kufanya nini tena huko. Kwetu hapapo. Nitakuja nilale hotelini Msasani kama mtalii?"

Niliusikiliza ule ujumbe jikoni, nikausikiliza tena chooni, tena kitandani. Nilikasirika kwanza. Kwamba atakuja kufanya nini? Na mimi je? Halafu hasira ikaisha nikabaki na kile kilichokuwa chini yake, ambacho ni kwamba nilimkumbuka vibaya sana. Ana miaka mingi huko na bado nikiona kichekesho barabarani mkono unakwenda kwenye simu, halafu nakumbuka kwamba kwake ni usiku. Nilijua kwamba akilifuta bakuli atakuwa amejifuta na yeye. Angeendelea kupiga simu sikukuu, tungeulizana habari za watoto, na sauti zingeendelea kupungua hadi zikawa za adabu tu.

Jumamosi nikajiandaa kwenda. Mama akanikuta navaa viatu vya mazoezi, vitu ambavyo hajazoea kuniona navyo.

"Unakwenda wapi na hayo mabuti?"

"Pande, mama. Kuangalia lile bakuli la rafiki yangu."

"Mikono mitupu?"

"Ni mchezo tu. Hakuna mtu kule."

"Bakuli si lipo?" akasema mama, na kwa mkono wake uliopona vibaya akaanza kutafuta mfuko. Akanitilia ndizi mbivu, zile fupi nene. Ukibishana na mama yangu juu ya chakula jua litazama mkiwa bado mlangoni, kwa hiyo nilibeba.

Askari alikuwa yuleyule, kitambi kilekile, na redio ya simu yake ilikuwa kwenye mpira. Alinikumbuka.

"Mwalimu wa kombolela! Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kulikagua bakuli."

"Na ndizi?"

"Za mama yangu."

"Zitabaki hapa, mwalimu. Sheria ni sheria." Akaziweka juu ya meza yake kwa uangalifu mkubwa, upande wa kivuli. Akachukua kofia, akasema atanisindikiza kwa sababu chui wapo. Niliuliza kama amewahi kumwona. Alisema hajawahi, lakini chui ndivyo alivyo, haonekani, na hiyo ndiyo dalili kwamba yupo.

Sijui kwa nini watu wa Dar tunakwenda mbali na magari ya kukodi kutafuta wanyama wakati kuna mahali pa kutembea kwa miguu namna ile. Baada ya mvua msitu ulikuwa umefunga. Vipepeo wa njano walijaa kwenye tope lililokauka nusu, na tulipokanyaga karibu walinyanyuka wote na kutua walipokuwa. Hondohondo wawili walipita juu, mbawa zikivuma, wakipigizana kelele kama watu wazima wanaogombania kiti kwenye harusi. Askari alinishika bega nisimame. Mbele yetu sange alikuwa akifukua majani kwa lile pua lake refu, mgongo mwekundumweusi, miguu mirefu myembamba, mnyama aliyetengenezwa kwa vipande vya wanyama wengine. Alitutazama mara moja, akaona hatuna maana, akaendelea na kazi. Kwa muda mfupi nilisahau nilichofuata, halafu nikatamani rafiki yangu awepo amwone, na nikakumbuka tena.

Kundi la kororo, wale kanga wa msituni, lilikatiza njia na vishungi vyao. Paa mmoja aliruka kichakani, nikaona mkia tu. Nyayo za nguruwe pori zilijaa kila penye unyevu. Nami nilikuwa nimeshika simu mbele yangu nikifuata mshale, na siafu wakanipanda, kwa sababu aliyeshika simu haangalii chini. Nilivua kiatu nikaruka na mguu mmoja mbele ya askari wa serikali. Alitazama pembeni kwa adabu, lakini mabega yalimcheza.

"Hiyo simu inakudanganya," akasema.

Ilikuwa inanidanganya kweli. Chini ya miti mizito mshale ulizunguka, ukanielekeza mbele, ukanirudisha nyuma, ukaniambia nimefika mahali ambapo hapakuwa na gogo lolote. Nilisimama katikati ya namba zangu nilizofundisha maisha yote nikiwa sijui nilipo. Mvua ilikuwa imebadilisha kila kitu. Palipokuwa wazi Disemba sasa palifunikwa na matambaa ya mimea inayotambaa. Nikaanza kuogopa kwamba wale watu wawili walisema kweli. Nilifikiria nitamwambiaje. Nilijaribu sentensi kimoyomoyo na zote zilisikika kama salamu za rambirambi.

Tulipoliona gogo, ni kwa sababu askari alilikalia. Alichoka, akakaa, akafuta jasho, na nilipomwambia asogee nikaona chini ya miguu yake uwazi ule. Nilipiga magoti nikaingiza mkono wote mpaka begani. Nilitoa majani, nikatoa udongo, nikatoa gololi moja. Bakuli halikuwemo.

"Halipo," nikasema.

Askari alikuwa anatazama mbele, upande wa mteremko, mahali palipochimbuliwa na nguruwe. Akanyoosha kidole. Kitu kilikuwa kinang'aa kwenye majani.

Lilikuwa limelala ubavu. Mfuniko ulikuwa hatua chache pembeni, kibanio kimoja kimeng'oka kabisa, na ukingoni kulikuwa na alama za meno, nyingine ndogo na nyingine kubwa, kama kwamba walipeana zamu. Tumbo la bakuli lilibonyea. Niliokota ndovu wa plastiki akiwa hana mkonga. Kifungo cha koti sikukiona. Ndani ya bakuli kulikuwa na maji ya mvua, jani moja lililooza, na chungu waliokufa.

Nililigeuza nikamwaga maji. Vidoti vya jina vilikuwepo bado, chini, vimejaa matope. Nilivisugua kwa kidole. Nilikuwa nimelibeba bakuli lile tangu sijajua kusoma jina lililoandikwa chini yake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulibeba likiwa tupu. Nilishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Ndipo nikaona uzi. Kwenye kibanio kilichobaki ulinasa uzi mwekundu wenye kipande cha nailoni, na uzi wenyewe ulifungwa fundo mara mbili, masikio yamekatwa sawasawa. Fundo lile ningelitambua popote. Mama yake rafiki yangu alifunga hivyo kila kifuko cha chakula kilichotoka jikoni kwake, kwa uzi wa dukani kwao uliotumika kufungia bidhaa, na mimi utotoni nilikuwa naufungua kwa meno nikiwa bado njiani.

Askari aliuona pia. "Chakula," akasema, kama daktari. "Niliwaambia."

Tulipanda mpaka mahali ambapo simu ilishika mtandao vizuri, nikapiga. Toronto kulikuwa ndio kunakucha. Alipokea kabla haijaita vizuri.

"Umelipata?"

"Nimelipata."

"Lipo!" Nikasikia akipiga meza. "Lipo, si nilisema lipo!"

"Lipo, ila limetafunwa. Sasa niambie, uliweka nini humu ndani?"

Nikasikia akivuta kiti.

"Askari alisemaje siku ile? Huyu hapa nimesimama naye. Alisemaje?"

"Chevda," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Unakwenda msituni kwa wanyama unaweka chevda?"

"Ya mama," akasema.

Niliuzungusha ule uzi mwekundu kidoleni.

"Alitengeneza kabla hajalazwa," akaendelea. "Mifuko kibao, unamjua. Alikuwa anaifunga akiwa amekaa kwenye kiti, kusimama alikuwa hawezi. Huu ulibaki wa mwisho kwenye friza. Nikasema huu ni wako, nikaja nao. Halafu nikaona nikikupa mkononi tutaanza kulia pale mbele ya mnunuzi wa nyumba, na utasema gawa na ndugu zako. Nikasema bora uukute kwenye bakuli. Ulikute lina kitu."

"Ungeniambia."

"Nilikwambia uende wiki ijayo!"

"Mama alivunjika mkono."

"Najua. Nilijua ukichelewa ndo basi, lakini ningesemaje? Askari alikataza." Akavuta pumzi. "Ila nisingeweza kuliacha hivihivi. Nilijaribu. Nilifika pale nikalifungua, nikaona vigololi tu vile, nikasema hapana, mama atanijia ndotoni."

Nilitazama msitu chini yetu. Nilifikiria viazi vile vilivyochongwa vyembamba kama kucha, karanga, zabibu kavu, majani ya mchuzi yaliyokaangwa mpaka yanavunjika, na bizari inayobaki vidoleni mpaka kesho yake. Hakuna mtu mwingine anayeitengeneza namna ile. Nimenunua za Kariakoo, nimenunua za Upanga, si yenyewe. Punje za mwisho duniani za mkono wa yule mama zililiwa na ngedere pamoja na nguruwe, usiku wa mvua, na pengine hawakugombana hata kidogo.

"Waliila yote?" akauliza.

"Wameramba mpaka bakuli."

Akaanza yeye kucheka. Alianza polepole, halafu ikamshinda, ikanishinda na mimi, nikakaa chini kwenye majani na suruali yangu nzuri. "Pilipili," alisema akiwa anahema. "Aliweka ile pilipili yake. Fikiria ngedere." Nilimfikiria ngedere na midomo yake wazi akitafuta maji. Tulicheka mpaka kicheko kikageuka, kama tulivyojua wote wawili kwamba kitageuka, na askari akaenda kutazama mti fulani ambao haukuwa na chochote.

Tulipotulia alisema kwa sauti ya kawaida, "Basi. Ngoja nilifute. Bakuli nisafishie, halafu kuna binamu yangu wa Msasani anakuja huku mwezi ujao, mpe aniletee."

Niliona sasa jinsi mambo yatakavyokwisha. Kistaarabu kabisa, ndani ya sanduku la binamu, limefungwa kwenye gazeti.

"Simpi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nimpe tupu? Mama yangu yupo hai."

"Weka hata korosho."

"Zamu hii ni machalari. Umesahau? Chevda imekuja, inarudi machalari. Na machalari hayapandi ndege. Yanaliwa moto, hapahapa, kwenye meza yangu."

"Acha utani."

"Sitanii. Nimekumisi," nikasema. Sikuwahi kumwambia neno hilo tangu aondoke. Siku zote nilikuwa namwambia ale vizuri na avae koti. "Nimekumisi, na nimechoka kuongea na simu. Bakuli liko kwangu. Ukilitaka, unajua linarudishwaje."

Salio likakata, au alikata yeye. Sikupiga tena.

Getini ndizi zilikuwa zimepungua. Askari alisema ngedere. Nilimwachia na zilizobaki.

Mama alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akaangalia yale meno, akauliza ni mbwa gani. Nilipomsimulia aliliosha mwenyewe kwa majivu na sabuni, taratibu kwa sababu ya ule mkono, akalikausha na kuliweka kabati la juu, mbele ya vyombo vyote. Ule uzi mwekundu hakuutupa. Aliufunga kwenye kitasa cha kabati.

Siku zikapita bila neno kutoka Toronto. Nilifungua ramani ya mchezo jioni moja na kukuta Pande kumerudi kuwa kijani tupu. Nukta ilikuwa imeondoka. Nilizima simu nikasahihisha madaftari ya watoto, na niliwanyima maksi bila huruma.

Kesho yake wakati wa mapumziko, ofisini kwa walimu, ujumbe ukaingia. Haukuwa na salamu. Ulikuwa na namba tu, sita na ushee kusini, thelathini na tisa na ushee mashariki, na chini yake ameandika: "Kikasha kipya. Kidokezo: jikoni, kabati la juu. Mwenye kukitunza ana hasira za karibu. Mimi bado sijakipata."

Sikuhitaji kuziingiza zile namba kwenye simu. Nilizisoma pale nilipokaa, kama ninavyowafundisha watoto kuzisoma, kusini kiasi gani, mashariki kiasi gani, na zikanipeleka juu ya kilima cha Madale, zikapita geti langu, zikasimama jikoni.

Hajaja bado. Nauli, watoto, kazi, na ana mume ambaye anaogopa mbu. Mimi napika machalari kila Jumapili, na mama akihesabu sahani anatoa moja ya ziada, ambayo mwisho wa chakula naiosha ikiwa haijatumika.